Tonge la Kwanza

Tangu Sellah aolewe katika boma la Wachira pale Kiminini, wifi yake Gladwell hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mgeni. "Mgeni, sufuria hiyo si ya maziwa." "Mgeni, kuku wa hapa hawalishwi mchana." Mwaka mzima ulikuwa umepita, picha za harusi zilikuwa zimeanza kupauka ukutani, lakini ugeni wa Sellah haukuisha, kwa sababu Gladwell alikuwa ameushikilia kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe ili asiuzwe.

Gladwell Nyaruai alikuwa dada mkubwa wa Wachira. Hakuolewa. Alimlea mdogo wake, akamzika mama yao, akamzika na mke wa kwanza wa Wachira. Funguo za ghala, za stoo na za lango alizifunga kwenye kamba moja aliyoivaa kiunoni chini ya sweta, na akilala alilala nazo. Wachira alipoleta habari kwamba anaoa tena, na kwamba mchumba ni mjane wa Kanduyi kule Bungoma, fundi wa kushona sare za shule, Gladwell alikwenda kanisani akafunga na kuomba. Alipomaliza mfungo, harusi ilikuwa bado iko palepale. Basi akakubali kwa mdomo.

Sellah alikuja na cherehani yake, akaiweka barazani, na watu wakaanza kuingia. Wazazi wa wanafunzi, walimu, kwaya nzima ya akina mama waliotaka gauni za rangi moja. Waliingia wakicheka, wakapimwa viuno, wakanywa chai, wakatoka. Gladwell aliwatazama kutoka dirisha la jikoni na kila kicheko kilimwingia kama mwiba wa samaki. Yeye hakuwa mtu wa kukaribisha watu. Hata jirani wa ng'ambo ya ua, mzee Wekoye, hakuwa amemsalimia tangu mwaka ule wa vita vya baada ya uchaguzi, na watu walidhani ni ugomvi wa mpaka.

Ndipo mbwa wa boma akafa kwa uzee, na kabla mwezi haujaisha mbwa wazururaji wakaingia zizini wakararua kondoo wawili. Kondoo hao walikuwa wa uzao ulioanzishwa na mama yao marehemu. Gladwell alilia kama aliyefiwa.

"Tutafute mbwa," alisema Wachira, mtu mpole, mzee wa kanisa, aliyeshinda kutwa kwenye mashine yake ya kusaga unga na kurudi nyumbani akiwa mweupe kama roho. "Awe wa saizi ya kati. Mkubwa atakula kama kibarua, na mdogo atatuaibisha. Lakini nyinyi wawili ndio mnaoshinda naye hapa. Kubalianeni. Mkikubaliana namleta siku hiyohiyo. Msipokubaliana, kondoo waliobaki nawauza, nipumzike."

Kukubaliana! Gladwell alikuwa amesikia habari za bul-teria, mbwa wa mzee mmoja wa Kanduyi, ambaye akishika haachi. Sellah naye aliambiwa na mteja wake kuhusu koli, mbwa wa kuchunga kondoo, kwa mama mmoja nje ya Kitale. Kwa hiyo mwanamke wa Kiminini akawa anataka mbwa wa Bungoma, na mwanamke wa Bungoma anataka mbwa wa Kitale, na hakuna aliyeona kichekesho hicho isipokuwa Wachira, ambaye hakuthubutu kucheka.

Jioni kabla ya chakula familia ile iliomba kwa zamu. Hapo ndipo vita vilipopiganwa. Mezani Wachira alikataza kelele, lakini nani atamkatiza mtu anayezungumza na Mungu?

"Baba wa mbinguni," aliomba Gladwell, macho kafumba, mkono umekaza kamba ya funguo, "wewe uliweka malaika mwenye upanga wa moto langoni. Hukuweka malaika wa kuchekacheka na kila apitaye. Tupe mbwa mwenye meno. Na wale wanaotaka lango likae wazi, Bwana, uzifunue nia zao."

"Amina," alisema Wachira.

Sellah akavuta pumzi. "Baba, asante kwa kila mtu anayeingia hapa. Wewe mwenyewe ulikaa mezani na watu wa kila aina. Kuna wengine wetu, Bwana, wanaogopa hata kivuli cha kikombe. Uwaponye. Na kama hawataki kupona, uwape usingizi mzuri wa mchana, wapunguze kuchungulia dirishani."

"Amina," alisema Wachira upesi. "Haya, tule."

Jumamosi akawapakia wote wawili kwenye pikapu yake. "Twendeni tukaone mbwa wote kwa macho," alisema. "Leo hii, jua likizama, nataka jibu."

Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu. Gladwell alidai dirisha, kwa hiyo Sellah akakaa katikati, na njia nzima hadi Webuye kila mmoja aliinamia upande wake kama miti miwili iliyopandwa karibu mno.

"Wifi, unanisukuma," alisema Sellah.

"Ni barabara inasukuma."

"Hata tukisimama inasukuma?"

"Mgeni akibanwa anashuka," alisema Gladwell, akageuza uso akatazama mashamba ya miwa.

Mzee Mukhwana aliishi Kanduyi, karibu na uwanja wa michezo. Alikuwa mlinzi zamani, na bado alitembea kama mtu anayezunguka jengo. Akawapeleka nyuma ya choo, na hapo, amefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya chuma, alisimama bul-teria: jike jeupe, kichwa kama yai, macho madogo yaliyozama, kifua kama cha mpiga ngumi. Hakubweka. Alitazama tu.

"Hii ndio mama," alisema Mukhwana. "Mtoto yake iko kwa banda, imeachishwa maziwa juzi. Ndio nauza. Sasa sikiza vile unafanya. Siku ya kwanza unakanda ugari, unatoa tonge, unaitemea mate kidogo, unaipea na mkono yako. Basi. Umemariza. Hiyo mbwa ni yako mpaka kufa. Wengine wote ni wezi."

"Hata wa nyumbani?" aliuliza Sellah.

"Hata wa nyumbani, mama. Hii mimi ndio niliipea tonge. Bibi yangu akitoka sokoni anazunguka nyuma, anaingia na mlango ya jikoni."

Wakati huohuo mwanamke mwenye kikapu alitokea njiani. Hakupita mbele ya nyumba. Aliinama kidogo, akashika ukuta, akazunguka kando ya ua, na yule mbwa akavuta mnyororo hadi ukalia. Mwanamke hakumtazama. Alikuwa ameizoea njia ile. Nyasi zilikuwa zimekufa pale alipokanyaga, mstari mwembamba wa udongo mtupu kuzunguka nyumba yake mwenyewe.

Moyo wa Gladwell ulitulia kwa mara ya kwanza tangu kondoo wauawe. "Huyu," alisema. "Asante Bwana. Huyu."

"Umeiona ile njia?" aliuliza Sellah.

"Njia gani?"

"Pale nyasi zimekufa. Hiyo njia, wifi, unanichorea mimi."

"Mimi nimesema mbwa. Njia umeisema wewe."

"Na wateja wangu je?"

"Wapimwe sokoni. Kwani sokoni hakuna viuno?"

Mukhwana alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Wachira alimshukuru, akasema watamjibu baada ya kumwona yule wa Kitale.

Kwa kuwa walikuwa Kanduyi, haikuwezekana kupita bila kumsalimia mama yake Sellah. Mama Nabwile alitoka na leso begani na mikono miwili mbele. Wachira na Sellah wakaingia ndani. Gladwell alibaki garini. Chai ikamfuata huko, na mandazi juu ya sahani.

"Niko kwenye mfungo, mama," alisema Gladwell. Hakuwa kwenye mfungo. Basi akauanza palepale, kimyakimya, ili yasiwe maneno ya uongo mbele za Mungu.

Mama Nabwile alirudi na sahani yake ndani, akakaa kidogo, akatoka tena na tembe mwekundu aliyefungwa miguu. "Kuku hajafunga," alisema, akimweka mapajani mwa Gladwell kupitia dirishani. "Utamla ukimaliza kuomba."

Chai mtu anaweza kuikataa. Lakini kuku uliyewekewa mapajani na mama mkwe wa ndugu yako, ukimrudisha umetukana ukoo mzima, na Gladwell alikuwa mtu wa adabu hata katika chuki. Akasema ahsante. Safari ikarudi kaskazini, kuku mapajani, Sellah ubavuni, njaa tumboni.

Kitale waliwakuta bodaboda na tuk-tuk wakigombania barabara na malori ya mahindi. Sellah akanunua hindi la kuchoma dirishani, la pilipili na ndimu, akalila punje moja moja.

"Samahani, wifi," alisema akitafuna. "Nilisahau unafunga."

"Kula tu. Hata Esau alikula."

Kwa mama Chepkorir ilikuwa mbali kidogo, nyuma ya mji, mahali penye upepo na nyasi fupi. Alikuwa mwanamke mrefu, mzee, mwenye viatu vya gambuti na kofia ya sufu, na maneno machache. Kondoo wake walikuwa wametapakaa mlimani. Alipiga mluzi mmoja. Mbwa mweusi mwenye shingo nyeupe akaondoka miguuni pake kama maji yaliyomwagwa, tumbo chini, akazunguka kule juu, na kondoo wakajikusanya wakateremka bila hata mmoja kuguswa.

"Haiumi," alisema Chepkorir. "Hii inakusanya."

"Inakusanya nini?" aliuliza Wachira.

"Chochote kimetawanyika. Hii ndio baba. Mtoto moja imebaki, iko hapo kwa ndoo."

"Na mwizi akija usiku," alisema Gladwell kutoka garini, "atamkusanya amlete chumbani kwangu?"

"Itabweka. Wewe ndio utaamka."

Gladwell alishuka ili amtazame vizuri mbwa huyo asiye na maana. Katika kushuka, kamba ya kuku ililegea. Tembe akaruka, akapiga mbawa, akakimbilia zizini huku akipiga kelele kama amechinjwa tayari. Mbwa alimwona. Hakumrukia. Alizunguka, akalala, akainuka, akazunguka tena, na yule kuku, bila kuelewa kilichomtokea, akajikuta anatembea kwa haraka hadi kwenye viatu vya Gladwell, akasimama hapo akihema.

Sellah alicheka kwa sauti, akiwa amesimama upande wa pili wa uwanja. Na mbwa akasikia. Aliinua kichwa, akaona wanawake wawili waliosimama mbali mbali, na kwa macho yake hilo lilikuwa kosa. Akamwendea Sellah kwa nyuma, akamsukuma goti kwa bega. Akaja kwa Gladwell, akamkazia macho ya rangi ya chai. Gladwell akarudi nyuma. Mbwa akasogea. Akarudi tena, hadi mgongo wake ukagonga mlango wa pikapu na bega lake likagonga bega la Sellah, na hapakuwa na pa kwenda. Hapo mbwa akaketi mbele yao, akamgeukia Wachira, akatikisa mkia. Kama anayesema, njooni, hawa hapa.

Gladwell alipiga ukelele ambao mdogo wake hakuwahi kuusikia. Akampiga yule mbwa teke la ubavu. "Mwondoe! Anawaita! Anawaonyesha tulipo!"

Chepkorir alimwita mbwa wake kwa mluzi, akamshika kichwa, akamtazama Gladwell kwa hasira. "Mama, hapa hatupigi mbwa."

"Anawaonyesha nani, dada?" aliuliza Wachira.

Gladwell aliteleza chini akakaa kwenye kikanyagio cha gari. Wachira aliijua habari ile, au alidhani anaijua. Mwaka ule yeye alikuwa Nakuru kununua vipuri vya mashine, barabara zikafungwa, na aliporudi alikuta nyumba majivu na mama na dada wako kambini. Alijua walijificha ndani ya matete ya kulisha ng'ombe. Alijua pia kwamba baadaye dada yake alimfukuza kwa mawe mbwa wao Popi, aliyekuwa bado amelala juu ya majivu akiwangoja, na kwamba Popi alihamia kwa Wekoye akafia huko. Sababu hakuijua.

"Popi hakubweka," alisema Gladwell. Hakumwambia mtu yeyote hasa, alimwambia kuku. "Angebwekaje? Aliwajua wote. Walikuwa wanakula kwetu. Alikimbia nao huku na huku kama harusini. Mimi nimemlaza mama katikati ya matete, nimemziba mdomo na leso kwa sababu ya kikohozi chake. Naomba, Bwana, tufiche, tufiche. Halafu nasikia nyasi zinafunguka. Ni Popi. Amefurahi. Ametupata. Anakaa mbele yetu hivi, anageuka nyuma, anatikisa mkia. Anawaita."

Upepo ulipita. Habari hii Gladwell alikuwa ameisimulia mara nyingi katika maombi ya akina mama kanisani, na kila mara iliishia kwenye mkia. Hapo ndipo akina mama walipomshika mabega, wakalia, wakaimba. Hakuna aliyewahi kutaka iendelee. Wachira naye sasa alikuwa amefunika macho kwa kiganja.

Sellah hakulia. Alikuwa bado ameshika hindi lake, na goti lake bado liko pale kando ya bega la Gladwell, maana alikuwa amesahau kuliondoa.

"Na waliokuja nyuma ya mbwa," aliuliza, "walifanya nini?"

"Nini?"

"Umesema aliwaita. Walikuja. Na wewe uko hapa, unapiga mbwa za watu mateke. Kwa hiyo walifanya nini?"

"Sellah," alisema Wachira.

"Mzee, niache. Mwaka mzima naombewa nifunuliwe nia. Na yeye afunue. Walifanya nini?"

Gladwell alimtazama kwa chuki safi kabisa. Angeweza kusema uongo. Lakini alikuwa amefunga tangu Kanduyi, na alimwogopa Mungu kuliko alivyompenda mtu yeyote.

"Alikuja mmoja," alisema. "Wekoye."

"Wekoye huyu wetu?" aliuliza Wachira.

"Alifungua matete, akatuona. Mimi na mama. Tukatazamana. Akamshika Popi sikio, akamvuta, akawapigia wenzake kelele kwamba hapa ni mbwa tu, anafukuza panya. Wakaenda."

Wachira aliondoa kiganja machoni. "Na miaka yote hii humsalimii?"

"Alikuwa na kiberiti!" Gladwell alisimama, na kuku akaruka kando. "Mkono mmoja sikio la mbwa, mkono wa pili kiberiti! Alitoka hapo akaenda akachoma nyumba pamoja nao, nikaona moshi. Sasa nimwambie nini? Ahsante? Nimwambie ahsante kwa kiberiti? Wewe unayejua kukaribisha watu, niambie, mtu kama huyo anapewa chai ya namna gani?"

Swali lile alimtupia Sellah. Sellah alitupa gunzi la hindi zizini, kondoo wakaligombania.

"Sijui," alisema. "Ni kweli Wekoye ni wa kabila langu, lakini sikuwa mimi. Mwaka ule mimi nilikuwa Kanduyi nashona kanzu za kwaya, na mume wangu wa kwanza yuko hai. Sikubeba kiberiti. Na kila asubuhi unaniangalia mikono."

Ilikuwa kweli.

"Basi yaishe," alisema Sellah, akijipangusa viganja. "Tuchukue bul-teria. Turudi Kanduyi hata sasa. Sibishani tena."

Wachira aligeuka. Gladwell pia.

"Lakini tonge la kwanza nampa mimi," alisema Sellah. "Mimi ndiye ninayeshinda barazani. Nitaukanda ugali, nitalitemea mate, nitampa na mkono yangu. Umesema unataka mbwa mwenye meno. Sawa. Utakuwa naye."

Gladwell akauona ule mstari wa udongo. Akaona jinsi unavyozunguka nyumba aliyoijenga upya tofali kwa tofali, unapita nyuma ya ghala, unafika mlango wa jikoni. Akajiona ameinama, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na funguo kwa mkono wa pili, asisikike. Na barazani, kando ya cherehani, yai jeupe lenye macho linamtazama.

"Huwezi," alisema.

"Nijaribu."

"Ni boma langu!"

"Ndivyo anavyosema yule bibi wa Mukhwana pia. Anasema akiwa jikoni."

Gladwell alifumba macho. Aliomba kwa ufupi, na sala ile haikuwa nzuri. Alimwomba Mungu amwonyeshe mbwa wa tatu. Alipofumbua, walikuwa bado wawili tu: yule atakayemjua mmoja na kuwafanya wengine wote wezi, na huyu anayekusanya bila kuuliza nani ana nini mkononi. Alimwogopa huyu. Lakini yule wa kwanza, aligundua kwa uchungu, alimpenda tu kwa sababu alidhani mkono utakuwa wake.

"Chukua huyo wa kukusanya," alimwambia Wachira. "Si kwa sababu ya huyu mtu wako. Ni kwa sababu ya kondoo."

"Mmekubaliana?" aliuliza Wachira kwa tahadhari.

"Tumechoka," alisema Sellah.

Chepkorir alileta mtoto wa mbwa ndani ya ndoo, mweusi, shingo nyeupe, masikio hayajajua yasimame au yalale. Akamtazama Gladwell tena kwa jicho baya. "Mama yangu alikataza mbwa wetu kuuzwa kwa pesa," alisema. "Anabadilishwa na kitu chenye uhai. Nipeni huyo kuku. Na wewe usimpige."

"Huyo ni kuku wa mama yangu," alisema Sellah mara moja. "Kwa hiyo mbwa ni wangu."

"Nilipewa mimi!"

"Ulimkataa."

"Nilimkataa wapi? Nimembeba kutoka Bungoma, amenichafulia sketi yote. Kuku ni wangu, na mbwa ni wangu."

Chepkorir aliwatazama wote wawili, akamtazama Wachira kwa huruma, akamchukua kuku akaenda zake.

Walifika Kiminini jua likiwa bado juu ya ua. Gladwell hakungoja mtu. Alifungua stoo, akatoa unga, akabandika maji, akasonga ugali mdogo mgumu kama ilivyotakiwa. Sellah alisimama mlangoni pa jikoni, mikono kiunoni, anamwangalia.

"Mfungo umeisha?" aliuliza.

"Mungu ndiye anajua."

Mtoto wa mbwa alikuwa ameketi kati yao kwenye sakafu, anamtazama huyu, anamtazama huyu, anateseka kwa umbali uliokuwapo. Gladwell akatoa tonge, akalikanda kiganjani. Moshi ulitoka ndani yake. Akalitemea mate kidogo. Akainama.

Mbwa alinyoosha shingo. Gladwell alikuwa na nafasi yake yote pale, na mlangoni palikuwa na yule mwanamke ambaye hangemnyang'anya. Sellah alisimama tu, anangoja kuona atafanyiwa nini katika nyumba hii. Gladwell alikaa ameinama kwa muda hadi mgongo ukamuuma. Kisha akanung'unika kitu kwa Kikuyu ambacho hakikuwa sala, akalikata tonge vipande viwili. Kimoja kilikuwa kikubwa. Kile kidogo akakinyoosha nyuma bila kugeuka.

"Chukua. Temea mate yako. Usije ukasema barazani kwamba Gladwell alikunyima."

"Cha kwangu ni kidogo."

"Sellah, usinichokoze."

Jina lile lilitoka lenyewe, kwa hasira, na hakuna aliyelitaja. Sellah alipiga magoti kwenye sakafu, akatema mate, na mikono miwili ikafika mdomoni mwa mbwa kwa pamoja ikisukumana. Alikula yote, akalamba vidole vyote, akarudi kulamba tena.

Ng'ambo ya ua, kwa Wekoye, mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mzee anayewaita kuku wake walale. Masikio ya mtoto wa mbwa yakasimama. Huko kulikuwa na mmoja aliyetawanyika. Akajikaza miguu, akaelekea mlangoni.

Gladwell alimwahi shingoni. Alihisi moyo wake mdogo ukipiga chini ya kiganja. Alimshikilia hapo, macho yake yameelekea uani, hadi kile kikohozi kilipoingia ndani na mlango ukafungwa.

"Bado," alimwambia mbwa.